Reli ya Vita Juu ya Meza: Vidokezo kwa Waundaji wa Treni za Modeli

Vita vya 1914 vilipoingia Afrika Mashariki vilikuta reli tatu kubwa. Reli ya Uganda ilitoka Mombasa hadi Kisumu, mikononi mwa Waingereza. Upande wa Wajerumani kulikuwa na Reli ya Usambara, kilomita 352 kutoka Tanga hadi Moshi, na Reli ya Kati, takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofika mwisho wake Februari 1914, miezi sita tu kabla ya risasi ya kwanza. Zote zilikuwa za upana wa mita moja. Kwa mpenzi wa treni za modeli hii ni hazina, na bado wachache wameichimba.

Kuunda kipande cha reli hizi kwa usahihi kunadai subira kuliko kunavyodai ufundi wa mikono. Reli ya wakati wa amani hukaa miaka mingi vilevile. Reli ya vita hubadilika wiki kwa wiki: daraja lipo leo, kesho limelipuliwa, kambi ya watu maelfu inahama kwa siku chache. Kila kitu utakachokiweka juu ya meza yako kina swali moja la kujibu: kilikuwapo lini?

1. Chagua mahali pamoja na mwezi mmoja

Tanga hadi Moshi kwa skeli ya 1:87 ni kilomita nne na ushei. Hakuna sebule ya kuimeza. Chagua stesheni moja, kambi moja au daraja moja, kisha uchague mwezi.

Chukua Maktau, magharibi ya Voi. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta. Katikati ya mwaka huo ilifika Maktau ikasimama hapo kwa miezi. Julai 14 Waingereza waliishambulia Mbuyuni wakarudishwa. Waliipata Januari 1916. Februari 12 wakapigwa kwenye kilima cha Salaita. Machi wakaingia Taveta, wakapigana Latema na Reata, wakasonga hadi Kahe, na mafundi wa reli wakawafuata nyuma mpaka njia yao ikaungana na ile ya Usambara hapo Kahe.

Sasa tazama tofauti. Maktau ya Agosti 1915 ni mwisho wa reli. Kuna mahema, mahandaki, matangi ya maji, milundo ya masanduku, na kila kitu kinapakuliwa hapo. Maktau ya Juni 1916 ni kituo cha kupita, vita vimeshasonga mbele. Jina ni moja, lakini hizo ni modeli mbili. Ukichanganya mahema ya kwanza na utulivu wa pili, umeunda mahali ambapo hapajawahi kuwapo.

2. Andika tarehe zako ukutani kabla ya kununua chochote

Karatasi moja inatosha. Kwa Reli ya Usambara, kwa mfano: Mombo 1905, Moshi 1911, mapigano ya Tanga Novemba 2 hadi 5, 1914, Waingereza kuingia Tanga Julai 1916. Kwa Reli ya Kati: Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, Waingereza Morogoro Agosti 26, 1916, Dar es Salaam Septemba 4, na Wabelgiji Tabora Septemba 19. Karatasi hii itakuokoa mara nyingi. Picha ya treni Tabora haiwezi kuwa ya 1910, hata kama aliyeandika maelezo yake ameapa.

3. Tafuta kwa tahajia za zamani

Ukiandika "Lushoto" katika orodha za nyaraka za Kijerumani, utaambulia patupu. Andika Wilhelmstal. Moshi ya reli ni Neu-Moschi, Muheza ni Muhesa, Kilosa ni Kilossa, Dar es Salaam ni Daressalam. Kwa upande wa Waingereza, Kisumu ya miaka ya mwanzo mara nyingi imeandikwa Port Florence. Tengeneza orodha yako ya majina pacha, uipanue kila unapokutana na jipya. Jaribu pia makosa ya makarani: askari aliyetoka Punjab au Natal aliandika jina la Kitaita kama alivyolisikia.

4. Picha ni nyingi kuliko unavyodhani, lakini zisaili kama shahidi

Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyeishi Dar es Salaam, aliacha mkusanyiko mkubwa wa picha za koloni na za vita. Ziko katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, na nyingi zinatazamika bure kwenye intaneti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina hifadhi ya picha za kikoloni zaidi ya 50,000, nazo zinatafutika kwa majina ya mahali. Kwa upande wa Waingereza, anza na Imperial War Museum ya London.

Tatizo ni tarehe. Picha nyingi za Dobbertin zimeandikwa kwamba ni za kati ya 1906 na 1918. Miaka 12! Katika muda huo reli ilifika Kigoma, vita vikaanza, na Wajerumani wakaondoka. Kwa hiyo picha isome mwenyewe. Je, njia ina kokoto au mataruma yamelala juu ya udongo mtupu? Njia mpya ya haraka mara nyingi haina kokoto. Miti ya kivuli ya stesheni ina urefu gani ukilinganisha na picha nyingine ya jengo hilohilo? Behewa lina herufi za nani ubavuni? Kuna magunia ya mchanga? Askari wamevaa nini kichwani? Ishara tatu zinazokubaliana zinakupa mwaka, wakati mwingine hata msimu. Ishara moja pekee usiitegemee.

Tazama pia pembeni. Mpiga picha alilenga ofisa aliyesimama mbele ya injini. Wewe mwache ofisa, angalia pampu ya maji nyuma yake, namna kuni zilivyopangwa, mlango wa behewa uliovunjika bawaba. Kingo za picha ndizo zenye mambo ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyaandika.

5. Rangi: usiamini kijivu

Bamba za picha za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu ipasavyo. Kitu chekundu kilitoka karibu cheusi, na cha buluu kikatoka cheupe. Wengi wanaotazama picha za Voi na Maktau huona ardhi ya kijivu kilichoiva, wakaipaka modeli yao kahawia ya giza. Kumbe udongo wa huko ni mwekundu kiasi kwamba ndovu wa Tsavo wanajulikana kwa wekundu wake. Vumbi hilo lilikaa juu ya kila kitu: magurudumu, mahema, kofia, nyuso.

Dawa yake ni rahisi. Chota kiganja cha udongo barabarani, kikaushe, kipepete kwa chekeche laini mara mbili, kisha kigundishe. Rangi ya dukani haitaufikia. Kumbuka tu kwamba udongo hubadilika njiani. Wa Taveta si wa Voi, na wa Mkata si wa Pugu. Weka kila mmoja katika chupa yake na kibandiko.

Rangi za injini na mabehewa ni kazi ngumu zaidi. Picha peke yake haitakuthibitishia, kwa hiyo tafuta maandishi: maagizo ya kiwanda, ripoti za karakana. Ukikosa, paka rangi iliyochakaa, yenye masizi na vumbi. Katika mwaka wa pili wa vita, hakuna aliyekuwa akiosha mabehewa.

6. Soma shajara za vita

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Kila kikosi cha Waingereza kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku: mahali, tarehe, kilichotokea. Zilizosalia ziko National Archives, Kew, Uingereza, katika mfululizo wa WO 95, na unaweza kuzitafuta na kuagiza nakala ukiwa Mwanza au Malindi.

Usiishie kwenye shajara za vikosi vya mapigano. Tafuta za wahandisi. Jeshi la India lilileta kampuni za reli, ya 25 na ya 26, na watu hawa waliandika mambo ambayo jenerali hayaoni: wametandika njia umbali gani leo, maji yamekauka wapi, kalvati gani imesombwa na mvua. Mstari mmoja wa namna hiyo una thamani kuliko sura nzima ya kitabu cha sifa za makamanda. Ukipata shajara mbili za siku ileile mahali palepale, zilinganishe. Zinapotofautiana, iamini ya yule ambaye kazi yake ilikuwa reli.

7. Vitabu vichache, vizuri

Kuhusu historia ya reli zenyewe, M. F. Hill aliandika *Permanent Way*, juzuu mbili: ya 1949 kuhusu Reli ya Uganda, ya 1957 kuhusu reli za Tanganyika. Kuhusu vita, historia rasmi ya Charles Hordern ya 1941 ina ramani zitakazokufaa kuliko simulizi yake. Kuhusu injini, tafuta kazi za Roel Ramaer. Kitabu chake cha 2009 kinaitwa *Gari la Moshi*. Kama Kijerumani kinapanda, *Die Kolonialbahnen* cha Franz Baltzer, 1916, kimeandikwa na mtu wa reli kwa watu wa reli.

Makumbusho ya Reli Nairobi na hifadhi za nyaraka za taifa, Nairobi na Dar es Salaam, zinahitaji uende mwenyewe. Nenda na swali moja lililonyooka. Ukimwambia mhudumu "nataka mambo ya reli," atakuletea mlima. Mwambie "natafuta ramani ya stesheni ya Korogwe kabla ya 1920," mtafanya kazi pamoja.

8. Upana wa mita moja unaamua skeli yako

Habari njema ni kwamba reli ya mita moja ipo Uswisi kwa wingi, na Waswisi wanapenda modeli. Njia ya milimita 12 kwa skeli ya 1:87 inapatikana madukani. Kwa wanaopenda vitu vikubwa, hasa wa bustanini, njia ya milimita 45 kwa skeli ya 1:22.5 inalingana na mita moja karibu sawasawa.

Habari mbaya ni mataruma. Njia nyingi za dukani zina mataruma ya mbao, manene, yenye mistari ya mti. Reli ya Uganda ilitandikwa kwa mataruma ya chuma, membamba, yaliyokunjwa miisho, maana mchwa wa huku hawana mzaha na mbao. Reli zenyewe zilikuwa nyepesi, ratili 50 kwa yadi, yaani karibu kilo 25 kwa mita. Ukitumia reli nene ya dukani, treni yako itaonekana ya Ulaya hata ukiizungushia mibuyu. Nunua reli nyembamba kabisa unayoweza kupata na ukate mataruma yako mwenyewe kwa karatasi ngumu au bati laini. Inachosha, lakini jicho la mtazamaji hutua kwenye njia kabla ya kutua kwenye injini.

9. Usichanganye mabehewa

Mabehewa ya Tanga na ya Dar es Salaam hayakukutana. Reli ya Usambara na Reli ya Kati hazikuwa zimeungana. Kiungo cha Mnyusi na Ruvu kilikuja 1963. Kwa hiyo treni ya Reli ya Kati kupita Korogwe mwaka 1915 haiwezekani. Baada ya kiungo cha Kahe mambo yakafunguka: vifaa vya Reli ya Uganda vikaweza kushuka hadi njia ya Tanga. Ukipenda mchanganyiko wa mabehewa ya pande mbili kwenye treni moja, weka modeli yako nusu ya pili ya 1916, kaskazini.

10. Treni ya hatari ina sura yake

Mwaka 1915 vikundi vidogo vya Wajerumani na askari wao vilivuka nyika isiyo na maji kutoka upande wa Kilimanjaro, wakatega baruti kwenye Reli ya Uganda. Waingereza wakajibu kwa kutanguliza mabehewa yenye mchanga mbele ya injini, ili mlipuko uyapate hayo kwanza. Wakaweka walinzi madarajani na treni zenye kinga ya chuma.

Hili linabadilisha mpangilio wa treni yako nzima. Injini haiko mbele. Mbele kuna behewa moja au mawili ya wazi, ya chini, mazito, na dereva anachungulia juu yake. Darajani kuna ngome ya mawe au magunia, na miiba iliyokatwa imezungushwa kama boma. Lakini ukiunda Agosti 1914, achana na yote haya, yalikuwa hayajaja.

Upande wa Wajerumani, meli za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, na makaa ya mawe hayakuingia. Injini zikala kuni. Weka milundo mikubwa ya magogo kwenye kila stesheni, na punguza miti kwenye msitu wa karibu na njia, maana kuni hizo zilitoka mahali fulani.

Na kama ungependa kitu ambacho wachache wamewahi kukiunda: Reli ya Kati baada ya Agosti 1916. Wajerumani walirudi nyuma wakilipua madaraja. Waingereza walipokosa injini, walivua malori mepesi magurudumu ya mpira wakayavisha ya chuma, wakayaendesha juu ya reli kuvuka madaraja yaliyotegemezwa kwa magogo. Lori dogo, daraja lililoanguka, mafundi kando ya mto. Nafasi ya rafu moja inatosha.

11. Toroli za Handeni

Kwa kuwa reli zao mbili hazikuungana, Wajerumani walijenga wakati wa vita kijireli cha sentimita 60 kutoka Mombo kwenda Handeni. Hakikuwa na injini. Watu walisukuma toroli kwa mikono. Kwa skeli ya 1:87, njia ya milimita 6.5 inakaribiana nacho. Ni mradi mdogo, wa bei nafuu, na unaonyesha vita vile vilivyoendeshwa kweli, kwa mabega.

12. Weka watu wote

Masanduku ya sanamu ndogo yanayouzwa Ulaya yana maofisa, maaskari na abiria wenye mwavuli. Reli hizi ziliendeshwa na Waafrika na, upande wa Reli ya Uganda, na Wahindi wengi: madereva, wakuu wa stesheni, mafundi. Na pale reli ilipoishia ndipo walipoanzia wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, wengi zaidi ya waliouawa kwa risasi. Modeli ya mwisho wa reli isiyo na wapagazi ni ya uongo, hata kama kila msumari umehesabiwa.

Kwa hiyo chonga au badilisha sanamu. Katika 1:87 mtu mzima ni milimita 20 hivi. Mzigo wa kichwani ulikuwa takriban kilo 25, basi usiufanye mdogo kama kikapu cha sokoni. Kwa mavazi, nenda ukazunguke sanamu za mwaka 1928 pale Nairobi, ambamo mchongaji James Alexander Stevenson aliwaweka askari na mpagazi pamoja. Zitazame kutoka nyuma pia, ambako picha za kadi hazionyeshi: mikanda, mafundo, mikunjo ya nguo.

13. Nenda ukaone, lakini jua unachokiona ni cha lini

Kutoka Voi hadi Taveta njia ya zamani bado inafuatika, na makaburi ya kijeshi ya Voi, Maktau na Taveta yatakupa tarehe zilizochongwa juu ya mawe. Piga picha za umbo la vilima, hivyo havikubadilika. Lakini mimea imebadilika. Mmea wa mathenge, ambao leo umeifunika Taveta, ulisambazwa Kenya miaka ya 1970 na 1980. Uung'oe kwenye modeli yako. Tuta kubwa jipya karibu na Voi ni la reli ya kisasa iliyofunguliwa 2017. Katani, kwa upande mwingine, ina haki yake kwenye njia ya Tanga: ililetwa 1893.

Kaa na wazee wa mahali. Waamkie, usiende na kinasa sauti mbele. Waulize kisima cha kambi kilikuwa wapi, mahandaki yalipita wapi, babu zao walichukuliwa kubeba mizigo mpaka wapi. Mara nyingi watakuonyesha kwa kidole mahali ambapo ramani imekosea.

Usichimbe wala usiokote. Maganda ya risasi na vipande vya reli ni mali ya historia, na kombora la miaka mia moja bado linaua.

14. Kila kitu kiwe na daftari yake

Kwa kila jengo, behewa na sanamu, andika mstari mmoja: ushahidi ni upi, wa tarehe gani, na wewe umekisia nini. Tumia kalamu ya rangi nyingine kwa makisio. Siku mtu atakapokuletea picha mpya, utajua papo hapo ni kitu gani cha kubadilisha.

15. Kama hujui pa kuanzia

Anza na Kigoma. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa Reli ya Kati kuelekea Ziwa Tanganyika. Iliingia majini Februari 1915, ikazamishwa na wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa baadaye, na leo ndiyo MV Liemba. Mahitaji yako ni machache: mita moja ya njia, mabehewa mawili ya wazi, masanduku ya kila ukubwa, mabamba ya chuma yaliyopindwa kama mbavu za meli, na wafanyakazi wa kuyashusha. Weka mwezi wowote kabla ya Februari 1915, na uhesabu kwamba kila sanduku lina namba iliyopakwa ubavuni, maana bila namba hizo meli isingeungwa tena.